Mwangwi Usiorudi
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Sisi makarani twajua ya kuwa barua isiyojibiwa nayo ina habari yake: pengine mwenyewe amehama, pengine tarishi amezuiwa njiani. Habari yetu ya leo ni ya namna hiyo.

Mwaka 1924 Edward Appleton, mtaalamu wa Uingereza, alithibitisha kwa mawimbi ya stesheni ya redio ya Bournemouth ya kuwa juu yetu, kadiri ya maili 60, hewa imetiwa umeme na jua, nayo huyarudisha mawimbi chini kama ukuta urudishavyo mwangwi. Wimbi hupanda na kurudi kwa muda usiotimia sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ukipimwa muda huo, kimo cha ukuta hujulikana.

Mwaka 1932 yeye na wenzake walipeleka mitambo yao Tromsø, kaskazini ya Norwei. Siku za utulivu mwangwi uliwarudia vema. Lakini kila sumaku ya dunia ilipochafuka sana, mwangwi ulikatika kabisa. Mtu wa haraka angalisema mtambo umeharibika! Haukuharibika. Chembe za umeme zitokazo kwenye jua huongozwa na sumaku ya dunia mpaka pande za ncha. Zishukapo chini mno, huitia umeme hewa iliyo nzito zaidi, na wimbi lipitapo humo humaliza nguvu zake kwa migongano, likafa kabla ya kuufikia ukuta. Kule kunyamaza ndiko kulikokuwa jibu, na hapo ndipo tulipopapenda sisi.

Mwaka 1981 ulifunguliwa karibu na Tromsø mtambo uitwao EISCAT, wenye sahani ya upana wa mita 32. Mawimbi yake ni mafupi, hata huupenya ukuta. Ila chembe za umeme hutawanya sehemu ndogo mno, iliyosikilizwa pia Kiruna katika Uswidi na Sodankylä katika Ufini. Katika mnong'ono huo hupimwa wingi wa chembe, joto lao, na mwendo wao.

Siku za ukimya zingaliko. Ndege zipitazo karibu na ncha hutegemea mawimbi yaleyale yarudishwayo na ukuta. Yakizimwa, rubani hawezi kusema na nchi kavu kwa mawimbi hayo. Kwa hiyo hupitishwa kusini zaidi, safari ikarefuka, na mafuta yakatumika mengi.