Figo Zetu na Maji Yetu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Chewele)



Halmashauri ya Chama iliniomba nizungumze juu ya viungo vikuu vya mwili wa mwanadamu. Jambo hilo ni pana, wala haliwezi kumalizika kwa hotuba moja. Kwa hiyo nitavitaja viungo hivyo kwa ufupi, kisha nitashika kimoja tu, nacho ni figo, kwa kuwa adui mmoja wa figo hukaa katika maji yale yale tunayoyategemea kwa maisha yetu.

Viungo ambavyo mwanadamu hawezi kuishi bila kazi yake ni vitano: moyo, mapafu, ubongo, ini na figo. Moyo hupiga kiasi cha mara 100,000 kwa siku, ukisukuma damu mwili mzima. Mapafu huingiza hewa safi katika damu na kutoa ile iliyochafuka. Ubongo hutawala vyote. Ini hutengeneza na kuweka akiba ya chakula cha mwili, na kuzivunja nguvu za sumu. Figo nazo huisafisha damu.

Kila mtu mzima ana figo mbili, nyuma ya tumbo, chini kidogo ya mbavu. Kila moja ina ukubwa kama wa ngumi, na umbo lake ni kama la punje ya haragwe. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana, kiasi cha milioni moja. Kwa siku moja figo zote mbili huchuja maji kiasi cha lita 180 kutoka katika damu, yaani mitungi tisa ile ya lita 20. Karibu maji yote hayo hurudishwa mwilini. Kiasi cha lita moja au mbili tu hutoka kuwa mkojo, pamoja na taka. Zaidi ya hayo, figo husaidia kupima nguvu ya msukumo wa damu, na kuuamsha mwili utengeneze damu mpya.

Figo ni kiungo kivumilivu. Mtu aweza kuishi kwa figo moja tu. Hayo yalithibitika wazi mwaka 1954 mjini Boston, Marekani, ambako Dkt. Joseph Murray alimpandikiza Richard Herrick figo iliyotolewa kwa Ronald, ndugu yake pacha. Mtoaji akaendelea na maisha yake, na mgonjwa akaishi miaka minane zaidi. Lakini uvumilivu huo una hatari yake. Figo huweza kuharibika kwa miaka mingi bila ya kumwumiza mwenyewe, na siku anapojisikia mgonjwa, sehemu kubwa imekwisha kupotea. Hapo njia iliyobaki ni kusafishwa damu kwa mashine mara mbili au tatu kila juma, au kupata figo ya mtu mwingine. Kila mmoja wetu aweza kupima mwenyewe safari na gharama ya matibabu hayo kwa jamaa wa kijiji cha kando ya Mto Tana.

Sasa nimtaje adui huyo. Jina lake ni kichocho, ugonjwa unaojulikana tangu zamani katika nchi za mito, nasi watu wa Tana tumo. Dalili yake ni mkojo wenye damu, hasa matone ya mwisho, na maumivu wakati wa kukojoa. Katika nchi nyingi vijana walipokojoa damu, wazee walidhani ni alama ya kubalehe, kwa kuwa kila kijana aliipata. Mabwana, jambo likiwa la wote haliwi la afya kwa sababu hiyo. Mkojo wa damu si ukubwa; ni ugonjwa.

Mwaka 1851, huko Kairo, daktari Mjerumani aitwaye Theodor Bilharz aliona mnyoo ndani ya mishipa ya damu ya maiti. Mwaka 1910 Marc Armand Ruffer alieleza kwamba aliyaona mayai ya mnyoo huo ndani ya figo za maiti za kale za Misri, zilizohifadhiwa kwa miaka 3,000 na zaidi. Na mwaka 1915 Robert Leiper alionyesha kwamba mnyoo huo hauwezi kuenea bila ya konokono wa majini.

Mwendo wake ni huu. Mgonjwa akikojoa majini, mayai huanguliwa, na kijidudu kinachotoka humtafuta konokono na kuingia ndani yake. Baada ya majuma kadhaa konokono hutoa maelfu ya vijidudu vyenye mkia, hasa wakati wa jua kali la mchana. Mtu akikanyaga au kuoga katika maji hayo, vijidudu hupenya ngozi yake katika muda mfupi. Ndani ya mwili hukua kuwa minyoo, nayo hukaa dume na jike pamoja katika mishipa ya damu iliyo karibu na kibofu, kwa miaka mitatu hadi kumi na pengine zaidi, na jike hutaga mayai kila siku.

Mayai hayo yana mwiba. Mengine hutoka na mkojo. Mengine hunasa katika nyama ya kibofu na mirija iletayo mkojo kutoka figoni. Pale yaliponasa hufanyika kovu. Kovu likiziba mrija, mkojo hurudi nyuma, figo huvimba, vichujio vyake hubanwa, na hatimaye hufa. Hivyo ndivyo maji ya kuogea yanavyoweza kumwua mtu baada ya miaka mingi. Kibofu nacho chaweza kushikwa na saratani. Na akina mama hupata vidonda katika njia ya uzazi, vyenye kuleta damu, maumivu, na pengine utasa. Wengi huona haya kuyasema hayo, na wengine hudhaniwa kuwa na ugonjwa wa zinaa. Wahenga wamesema, mficha maradhi kifo humwumbua.

Konokono hao hawapendi maji yaendayo kasi. Hupenda vidimbwi, malambo, maji yaliyobaki baada ya mafuriko, na mifereji yenye majani. Tangu miaka ya 1950 ilipoanzishwa skimu ya Hola, na baadaye ile ya Bura, tumejifunza thamani ya maji ya mifereji. Mifereji hiyo ni riziki yetu, wala sisemi tuikimbie. Nasema tuitunze, tuking'oa majani na kuondoa maji yaliyotuama.

Najua pia kwamba kumwambia mtu wa Tana asiingie majini ni maneno ya bure. Mkulima, mfugaji, mvuvi na mama mwenye nguo za kufua, wote riziki yao imo majini. Kwa hiyo naleta mashauri yanayowezekana.

Kwanza, tusikojoe majini wala kando yake, na kila boma liwe na choo. Kichocho hiki chanzo chake hasa ni mkojo wa mwanadamu; mkojo usipofika majini, konokono hana cha kueneza.

Pili, maji ya kuoga yawekwe katika pipa lililofunikwa kwa siku mbili, maana vijidudu hivyo haviishi zaidi ya hapo bila kumpata mtu. Maji ya kunywa yachemshwe vilevile.

Tatu, mwenye dalili apelekwe zahanati au hospitali ya Hola akapimwe. Mkojo wa kupimwa utolewe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa kuwa wakati huo mayai huonekana kwa wingi.

Nne, dawa inywewe. Prazikwanteli hutolewa kwa kadiri ya uzito au urefu wa mtu, na huua minyoo iliyokomaa. Haiui michanga, wala haimkingi mtu asiambukizwe tena, kwa hiyo hurudiwa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mahali penye ugonjwa huu mwingi dawa isiishie kwa watoto wa shule, bali wapewe watu wote tangu umri wa miaka miwili. Tuwakumbuke basi watoto walioko malishoni, ambao orodha ya shule haiwataji.

Wala tusiseme haiwezekani. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba, tangu mwaka 2011, walijitahidi kwa dawa, kwa kuua konokono na kwa mafunzo, na kichocho kikapungua sana katika shule zao nyingi.

Bwana Mwenyekiti, naomba Halmashauri ichague watu wawili katika kila kijiji, mwanamume na mwanamke, washirikiane na wahudumu wa afya kuandika majina ya wenye dalili, wakubwa kwa wadogo, ili katika taarifa ya mwaka ujao tusome ni wangapi waliopimwa na wangapi waliotibiwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa figo haujengeki.