Vumbi la Risasi na Nyumba Isiyo na Mtoto
(Maneno ya mwanachama mmoja wa reli kwa wenzake wa tawi, Changamwe)



Nimepewa nafasi niseme juu ya afya kazini. Labda mwangoja niseme juu ya vidole vilivyokatwa na macho yaliyoingia cheche. Hayo tumeyasema mara nyingi, na tutayasema tena. Leo nataka kusema jambo ambalo mtu haleti kwa katibu wa tawi. Mume na mke wameoana miaka mitano au sita, na mtoto hapana. Jambo hili huanzia chumbani, kisha husemwa na mama mkwe, kisha mtaa mzima, na lawama humwangukia mke. Huyu hupelekwa kwa waganga, yule hurudishwa kwao. Na mume haulizwi kitu.

Mimi nasema mume aulizwe jambo moja: Wafanya kazi gani?

Kuna madini yaitwayo risasi. Sisi wa karakana twayajua: yamo katika betri za injini na za mabehewa, yamo katika risasi ya kulehemu, na yamo katika rangi kuukuu nyekundu tunayoikwangua kwenye vyuma. Ndugu zetu wa jua kali wayajua kwa kuvunja betri za magari. Wavuvi wa Likoni na Kisauni wayajua kwa kuyeyusha chubwi za mishipi yao. Ni madini laini, huyeyuka upesi, na hayachomi mkono kama tindikali. Ndiyo sababu twayadharau. Lakini vumbi lake na moshi wake huingia kwa pumzi, na huingia kwa mkono ulioshika mkate bila kuoshwa. Likishaingia damuni, mwili hulidhania kuwa ni chokaa ya mifupa, hulihifadhi mifupani, na hukaa humo miaka mingi.

Kwa mwanamume, risasi hupunguza mbegu na kuzilegeza, hata zikashindwa kulifikia yai. Hayo yameonekana kwa wafanya kazi wa viwanda vya betri katika nchi nyingi. Mwanamume huyo ana nguvu zake kama kawaida, haumwi, hajui kitu. Kwa mwanamke, mimba inapoingia mifupa huanza kuachilia risasi iliyowekwa zamani, nayo humfikia mtoto tumboni, na baadaye humfikia kwa maziwa. Mimba yaweza kuharibika. Na mke huyo si lazima awe ameshika betri hata siku moja. Yatosha akung'ute na kufua ovaroli ya mumewe.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Hapa karibu nasi, upande wa Mikindani, kuna kijiji cha Owino Uhuru, chenye watu kiasi cha 3,000. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilikuwa ukutani mwao mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Watoto walipimwa wakakutwa na risasi damuni, na wanawake walisimulia mimba zilizoharibika. Bibi Phyllis Omido, aliyekuwa mfanya kazi wa kiwanda hicho na ambaye mtoto wake mwenyewe aliugua, ndiye aliyesimama na wanakijiji. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Goldman ya mazingira. Tarehe 16 Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamua wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa iliitengua hukumu hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Angalieni miaka hiyo, ndugu zangu. Sumu iliingia kwa miaka, na haki nayo ilitafutwa kwa miaka mingi.

Sasa nije kwenye matibabu. Siku hizi wapo waganga wanaoweza kutoa yai la mke, wakaliweka chomboni pamoja na mbegu za mume, na likishika wakalirudisha tumboni. Mtoto wa kwanza wa njia hiyo alizaliwa Uingereza mwaka 1978, na hapa Kenya walizaliwa mwaka 2006. Ni jambo jema. Lakini jaribio moja hugharimu mamia ya maelfu ya shilingi. Mfanya kazi hukopa kwenye chama cha akiba, huuza ng'ombe, huuza shamba la baba yake. Na jaribio lisiposhika, fedha hairudi.

Basi sikilizeni. Mwaka 2003 wachunguzi wa Marekani walieleza habari za wanaume ambao wake zao walikuwa wakitibiwa hivyo. Kadiri risasi ilivyozidi katika shahawa, ndivyo mayai yaliyoshika yalivyopungua. Mwaka 2008 wachunguzi wa Saudi Arabia, waliopima wanawake zaidi ya 600 waliokuwa katika matibabu hayo, waliona kwamba risasi hata kidogo huzuia yai kushika. Sisemi kila nyumba isiyo na mtoto imeharibiwa na risasi. Sababu ni nyingi, na uchunguzi wote haukupatana sawasawa. Nasema ni upumbavu kuuza shamba kabla ya kupima damu.

Kipimo ni cha damu ya mshipani. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa salama, na kikifika mikrogramu 5 kwa desilita, mahali inapotoka patafutwe na pazibwe. Mbegu za mume hutengenezwa kwa muda wa miezi miwili na nusu hivi. Kwa hiyo mtu akiondolewa penye vumbi, lipo tumaini, ingawa mifupa huchelewa kusafika. Dawa za kuitoa risasi zipo kwa waliozidiwa, lakini dawa hazifai kitu kwa mtu anayerudi vumbini kesho yake. Na ile paketi ya maziwa tunayopewa jioni ni chakula kizuri. Haioshi risasi mwilini. Tusikubali ipewe mahali pa kinyago cha pumzi.

Mahali pamoja nilipofanya kazi ya betri palikuwa na bomba moja la maji, sabuni hapana, na ovaroli tulikwenda nazo nyumbani. Hakuna aliyetueleza neno.

Yafaa tudai haya. Kwanza, kupimwa damu kwa gharama ya mwajiri, kama kanuni za uchunguzi wa afya kazini za mwaka 2005 zinavyotaka. Pili, vifaa vya kujikinga bila kukatwa mshahara, na kamati ya usalama penye wafanya kazi 20 au zaidi. Hayo yamo katika Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Tatu, mahali pa kuogea, na ovaroli zifuliwe kazini. Nne, aliyekutwa na risasi nyingi ahamishiwe kazi nyingine kwa mshahara ule ule. Pasipo hilo la nne, watu watakimbia kupimwa.

Na nyumbani, ndugu zangu, kabla hujamrudisha mke kwao, nenda wewe ukapimwe.

Kidole kimoja hakivunji chawa.