TAA MPYA ZIWANI NA HESABU YA ASUBUHI
(Hotuba kwa wafanya kazi wa ziwani, Takawiri)



Wengi wametuuliza kama kampuni hizi changa zinazokuja ziwani ni rafiki au adui. Sisi twauliza jambo jingine: fedha zinazookolewa zaingia mfuko wa nani?

Tuanze na taa, maana omena hawavuliwi bila taa. Miaka mingi tumeelea na karabai, mafuta ya taa yakiungua usiku kucha. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ya Ujerumani ilifungua kituo Mbita, ambako taa za umeme zilitiwa nguvu ya jua na kukodishwa kwa wavuvi. Mwaka 2019 ikaanzishwa WeTu, nayo ikaingia katika kazi hiyo hiyo. Taa hizi hazimwagi mafuta majini wala haziunguzi mikono. Ni kitu chema, na anayebisha hajapata kupiga pampu ya karabai katika mvua.

Lakini tazameni hesabu ya asubuhi. Katika mashua nyingi gharama hukatwa kwanza, ndipo kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye mashua na mabaharia. Maana yake, mafuta yale tuliyanunua sote. Basi taa mpya ikipunguza gharama, ziada ni ya wote. Mwenye mashua anayekata bei ya mafuta ya jana, na huku amekodi taa ya leo, anakula jasho la wenzake.

Hii si mara ya kwanza. Viwanda vya minofu ya mbuta vilipoenea katika miaka ya 1980 na 1990, malori ya barafu yalifika pwani ya ziwa na bei ikapanda. Kina mama waliokuwa wakikausha na kuuza samaki waliachiwa mgongo wazi, mifupa tu.

Sasa vimekuja vizimba. Victory Farms ya Homa Bay, inayofuga ngege, ilipata dola milioni 35 za wawekezaji mwaka 2023. Ngege wa kizimba hufika sokoni hata mwezi ukiwa mpevu, wakati sisi tunashona nyavu. Vijana wetu wengi watatafuta kazi vizimbani, nao wajue haki yao. Sheria ya Ajira ya 2007 yataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja si kibarua wa siku tena. Sheria hii ni ya kampuni yo yote, changa au kongwe.

Kwa hiyo twaomba kila mashua ilete daftari la gharama, la siku za karabai na la siku za taa mpya. Lifike kwa katibu kabla ya mwezi mpevu ujao, mashua zikiwa zimepumzika, ili tukae na wenye mashua tukiwa na tarakimu mkononi. Kina mama nao walete bei walizonunulia omena.