Nani Atawasomea Vijana Wetu?

Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo baadhi ya wazazi wa hapa kwetu Iguguno wameanza kulilalamikia. Wanasema vijana wao wanashinda na hedifoni masikioni. Wakichambua vitunguu wanazo, wakianika alizeti wanazo, na ukiwaita hawaitiki. Mzazi anaamini kwamba huo ni muziki tu. Aghalabu ni muziki kweli. Lakini wapo wachache ambao, ukiwauliza, watakuambia kwamba wanasikiliza kitabu.

Naam, kitabu. Siku hizi vipo vitabu vinavyosomwa na msomaji hodari tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, sauti yake ikarekodiwa, kisha ikauzwa kama zinavyouzwa nyimbo. Kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne, ambaye anajipatia riziki kwa kuchaji simu za watu karibu na kituo cha mabasi, alinipa nisikilize kimoja. Ni riwaya iitwayo Children of Blood and Bone, iliyotoka mwaka 2018. Mwandishi wake ni Tomi Adeyemi, Mmarekani ambaye wazazi wake wametoka Nigeria, na aliiandika kwa ajili ya vijana.

Riwaya hiyo ni ya mambo ya ajabu. Katika nchi iitwayo Orïsha, mfalme Saran amewaua watu waliokuwa na nguvu za ajabu. Binti mmoja, Zélie, ambaye mama yake alikuwa miongoni mwa waliouawa, anashika njia pamoja na kaka yake Tzain na binti mfalme Amari ili nguvu zile zirudi. Anayeisoma ni mama mmoja aitwaye Bahni Turpin. Kazi yake inachukua karibu saa 18, na mwaka 2019 ilipewa tuzo ya kitabu bora cha kusikiliza cha mwaka huko Marekani.

Kijana yule aliniambia kwamba alipokuwa shuleni hakuwahi kumaliza kitabu hata kimoja cha Kiingereza. Hiki amekimaliza na sasa anakirudia. Nilipomuuliza anafanyaje anapokutana na neno asilolijua, alijibu kwamba sauti ya msomaji humweleza kama hapo pana hasira au pana msiba, naye huendelea mbele mpaka maana inajitokeza yenyewe.

Sasa, ndugu msikilizaji, wapo watakaosema kwamba huo ni uvivu. Kusoma ni kwa macho, watasema. Hao nawaomba tukumbushane mambo mawili.

La kwanza, vitabu vya kusikiliza havikuanzishwa kwa ajili ya wavivu. Marekani ilianza kuvitoa katika sahani za santuri mwaka 1934, na Uingereza mwaka 1935, kwa ajili ya watu wasioona. Huko Uingereza walengwa wakuu walikuwa askari waliopofuka katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mtu aliyepoteza macho yake vitani akasomewa riwaya nzima sebuleni kwake. Nani atamwita huyo mvivu?

La pili ni la kwetu wenyewe. Sisi tuliokulia katika miaka ya 1980 tulilelewa na sauti. Kabla ya kujua kusoma tulikwisha jua sungura alivyomdanganya fisi, maana bibi alitusimulia. Kisha ikaja redio. Katika Redio Tanzania Dar es Salaam kulikuwa na kipindi cha Mama na Mwana, na Bi Debora Mwenda akitusimulia hadithi. Nyumba moja ilikuwa na redio, na watoto wa nyumba tano walikuwa chini ya dirisha lake. Betri zikichoka zinaanikwa juani ili zifike mwisho wa hadithi. Hakuna mwalimu aliyesema kwamba watoto wale wanaharibika. Wengi wetu tulitafuta vitabu baadaye kwa sababu masikio yetu yalikwisha onja utamu.

Basi shida iko wapi? Shida ni swali aliloniuliza kijana yule: kuna ya namna hii kwa Kiswahili? Tulitafuta pamoja katika simu yake mpaka bando likakaribia kwisha. Tulichopata siku ile ni vipande vifupi. Riwaya nzima, iliyosomwa kwa ufundi kama ule wa Bi Turpin, hatukuipata.

Wala si kwamba Kiswahili hakina hadithi za ajabu. Elisi katika Nchi ya Ajabu ilikwisha tafsiriwa kwa lugha yetu mwaka 1940. Mwaka 1952 marehemu Shaaban Robert alitoa Adili na Nduguze. Humo yumo liwali mwema anayewachapa manyani wawili kila usiku, huku moyo wake ukimuuma, na mfalme Rai anataka kujua kisa. Kumbe manyani wale ni ndugu zake wa kuzaliwa, waliogeuzwa kwa sababu ya husuda yao. Nilipomsimulia kijana habari hiyo, aliacha simu ya mteja mezani akaniuliza, ikawaje? Swali hilo moja linatosha kuonyesha kwamba wasikilizaji wapo. Anayekosekana ni wa kuwasomea.

Na jambo hili si dogo. Kijana akisikia majabu yote ya dunia kwa Kiingereza, na Kiswahili akakisikia sokoni na katika kukaripiwa tu, ataamini kwamba lugha yake haina mbawa. Wenzetu wa sinema wamelifahamu hilo zamani. Sinema ya Kichina au ya Kihindi ikiwekewa sauti ya Mswahili mcheshi anayeieleza, kibanda kinajaa. Kwa nini kitabu kisipate sauti ya namna hiyo?

Tena wapo ndugu zetu wasioona. Mwaka 2013 mataifa yalikubaliana huko Marrakesh, nchini Morocco, kwamba vitabu viruhusiwe kuwekwa katika sauti au nukta nundu kwa ajili ya wasioona bila kungoja idhini ya mwenye haki. Tanzania ilijiunga na mkataba huo mwaka 2020. Kwa hiyo mlango wa sheria umefunguliwa. Lakini mlango uliofunguliwa haumsomei mtu. Lazima apatikane mwenye sauti, akae chini, asome.

Sisemi kwamba sikio lichukue nafasi ya jicho. Mtihani huandikwa kwa kalamu, na anayesikiliza tu hataijua tahajia. Sauti kubwa mno huumiza masikio. Na hapa kwetu, ambapo malori ya kwenda Nzega hayamngoji mtu, nawasihi vijana: unapovuka barabara, toa hedifoni.

Ninachosema ni kwamba tuanze na tulicho nacho. Mwalimu mwenye kitabu kimoja na wanafunzi sitini awasomee kwa sauti, sura moja kwa siku, na aikatize pale inaponoga. Redio zetu nazo, baada ya kupata ruhusa ya wachapishaji au warithi wa mwandishi, zitenge robo saa jioni. Kitabu cha saa nne kitamalizika katika vipindi 16. Chumba kilichotundikwa mablanketi ukutani ili kuzuia mwangwi, simu nzuri, na mtu anayejua kusoma akituama panapotakiwa: hivyo si vitu vya kungojea wafadhili.

Nawe mzazi, leo jioni ukimkuta mwanao na hedifoni, usianze kwa ukali. Muulize anasikiliza nini. Akikujibu kwamba ni kitabu, kaa kitako, mwambie akusimulie alipofikia. Kama amekisikiliza kwa Kiingereza, akusimulie kwa Kiswahili, au kwa Kinyiramba, au kwa Kinyaturu. Akikwama, mvumilie, maana hapo ndipo anapotafuta maneno yake mwenyewe. Akimaliza, mpe nawe hadithi moja uliyopewa na bibi yako.