FILBERT BAYI, MKIMBIAJI ALIYETANGULIA MBELE

Fungueni madaftari, mwe na penseli tayari. Ninyi wa darasa la Mlabani, na wenzenu wa Ifakara na bonde zima la Kilombero, fuateni maandishi kwa kidole ninaposoma. Somo letu la leo ni habari za Filbert Bayi, Mtanzania aliyekimbia mita 1,500 upesi kuliko mtu yeyote aliyemtangulia duniani.

Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953. Alipokuwa kijana aliingia jeshini. Mwaka 1973, huko Lagos, Nigeria, alimshinda Kipchoge Keino wa Kenya, aliyekuwa bingwa wa Olimpiki wa 1968.

Siku iliyompa sifa kubwa ni tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand. Wakimbiaji wengi hukaa nyuma ya wenzao, wakitunza nguvu za mzunguko wa mwisho. Aliye mbele hukata upepo peke yake, wala haoni anayemfuata. Bayi alitangulia tangu mwanzo, akawaacha wenzake mbali. Mwishoni John Walker, mwenyeji wa nchi ile, alimkaribia sana, lakini hakumpita. Bayi alitumia dakika 3, sekunde 32 na sehemu 2 za kumi.

Sasa tufanye hesabu. Rekodi ya zamani, ya Jim Ryun wa Marekani, ilikuwa dakika 3, sekunde 33 na sehemu 1 ya kumi. Toeni. Mtapata sehemu 9 za kumi, haifiki hata sekunde moja! Tangu 1967 hakuna aliyeweza kuipunguza. Je, mnaona kazi ya tarakimu? Jicho peke yake lisingeweza kupima tofauti hiyo. Iliandikwa, ndiyo maana twaijua.

Mei 1975, huko Kingston, Jamaika, Bayi akavunja na rekodi ya maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51. Kabla ya miezi 3 kutimia, Walker akaivunja.

Watu walitazamia wakutane tena katika Olimpiki ya Montreal, Kanada, mwaka 1976. Lakini timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini, ambako serikali iliwabagua watu weusi. Nchi nyingi za Afrika, pamoja na Tanzania, zikakataa kushiriki. Walker akapata dhahabu, na Bayi hakukimbia. Kukataa ubaguzi kulikuwa na gharama, naye aliilipa.

Mwaka 1980, huko Moscow, alipata medali ya fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi. Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5,000. Hadi Michezo ya Paris ya 2024 ilipomalizika, Tanzania haikuwa na medali nyingine ya Olimpiki.

Baadaye Bayi, akiwa mtu mzima kama ninyi, alikwenda kusoma chuo kikuu Marekani. Aliporudi alianzisha shule, Dar es Salaam na Kibaha. Rekodi zake zimevunjwa, lakini watoto wanasoma.

MASWALI
1. Kwa nini ni vigumu kukimbia mbele?
2. Kwa nini Bayi hakukimbia mwaka 1976?
3. Andika 3:32.2 kwa maneno.

Kwaherini, tukutane somo lijalo.