Mkakwa ni wa Nchi Gani? Kabila, Damu na Katiba Mpakani Koboko



Kuhusu rangi za watu sitakawia: tangu tamko la UNESCO la 1950, wataalamu wengi wanakubali kwamba ni mafungu yaliyobuniwa na jamii, hayakuumbwa na biolojia. Kazi iko kwenye kabila na taifa, na huku Kuluba, wilayani Koboko, maneno hayo mawili yanagongana kila siku.

Wakakwa wanaishi Koboko, wanaishi Aru upande wa Kongo, wanaishi Yei, Sudani Kusini. Iliyohamahama ni mipaka. Mwaka 1894 eneo la Lado lilikodishwa kwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Alipofariki 1909 likarejea Sudani, na 1914 sehemu yake ya kusini, yaani West Nile yetu, ikatiwa Uganda. Watu walibadilishiwa serikali mara tatu wakiwa kwenye mashamba yao yale yale.

Mwanaanthropolojia Fredrik Barth aliandika mwaka 1969 kwamba kabila halishikiliwi na mila zilizomo ndani yake, bali na mpaka ambao watu wanauweka kati yao na wengine, na kwamba watu huuvuka. West Nile haihitaji kufundishwa hilo. Wanubi wanajulikana kama uzao wa askari wa Emin Pasha, gavana wa Equatoria, lakini Mkakwa au Mlugbara aliyesilimu, akazungumza Kinubi na kuoa miongoni mwao, aliweza kuhesabiwa Mnubi. Enzi za Idi Amin, ambaye baba yake alikuwa Mkakwa, jina la Mnubi lilifungua milango. Alipopinduliwa 1979 likawa hatari, na wapo waliolivua.

Katiba ya Uganda ya 1995 haimjui Barth. Ibara ya 10 inamhesabu raia wa kuzaliwa yeyote aliyezaliwa Uganda na ambaye mzazi, babu au bibi yake ni wa jamii za asili zilizokuwemo nchini tarehe 1 Februari 1926. Jamii 56 ziliorodheshwa. Mwaka 2005 zikawa 65, na Waaringa, majirani zetu wa Yumbe, waliingia hapo. (Kana kwamba kabla ya hapo hawakuwepo!) Dai langu ni hili: orodha hiyo inalichukua kabila, kitu ambacho mtu huweza kuingia na kutoka, na kulifanya damu. Hivyo ndivyo wakoloni walivyoielewa rangi.

Sasa fikirieni mama Mkakwa aliyekimbia vita vya Yei mwaka 2016, akapokelewa Kuluba, akapelekwa makazi ya wakimbizi na kujifungua huko. Kabila la mtoto limo katika orodha ya ibara ya 10. Lakini ibara ya 12 inamkatalia mtoto wa mkimbizi haki ya kujiandikisha uraia kwa kuzaliwa nchini. Afisa wa uandikishaji kwa kawaida huanza na kadi ya ukimbizi ya mama, na mara nyingi huishia hapo. Wanasheria mliomo humu, napenda kusikia mngemtetea mtoto huyo kwa ibara ipi.