Kuondoka si Kusimama

Leo nataka tuzungumze habari za matairi ya gari. Usicheke, ndugu yangu. Ngoja kwanza usikie.

Sisi tuliokaa Kinangop na Molo twajua tope. Mvua ya masika ikinyesha siku tatu mfululizo, pikapu isiyo na matairi mazuri haifiki sokoni na viazi. Kwa hiyo mwenye pikapu hutafuta yale matairi ya njia zote, yenye meno manene na mifereji mipana. Tope huingia katika mifereji, tairi likizunguka hulitupa nje, na gari hupanda mlima. Ni matairi mema, wala sina neno juu yake.

Basi, mzee mmoja wa kanisa, mtu wa kwetu, alihamia Marekani, katika jimbo la Minnesota, ambako Wakenya ni wengi. Nilipomtembelea majira ya baridi, alinipokea kwa furaha na kunionyesha pikapu yake. Ilikuwa na matairi ya njia zote, mapya, yenye meno kama ya mamba. Mkewe alikuwa amemwambia mara mbili, "Baba watoto, watu wa hapa hubadilisha matairi baridi ikiingia." Na fundi wa matairi alikuwa amemwambia vivyo hivyo. Yeye akajibu, "Mimi nimeendesha gari katika tope la Kinangop miaka 15. Theluji itanifanya nini? Na fedha hizo ni karo ya mtoto wa ndugu yangu nyumbani."

Angalieni, wapenzi, neno lake halikuwa baya. Karo ni jambo jema. Mara nyingi uzembe wetu huvaa nguo ya jambo jema.

Jumamosi moja jioni palikuwa na maombi nyumbani kwa jamaa waliofiwa. Mzee akamchukua mama mmoja mjane wa kanisa lao, nami nikaketi nyuma. Baridi ilikuwa digrii 20 chini ya sifuri. Theluji ilikuwa imejaa mlangoni, lakini pikapu iliondoka bila shida yo yote, ikiyapita magari madogo yaliyokwama. Mzee akacheka, akasema, "Mchungaji, umeona?" Nami nikasema nimeona.

Tukafika njia panda. Taa ikawa nyekundu. Mzee akakanyaga breki mapema, kama mtu mwenye akili. Breki zikagugumiza mguu wake, lakini gari halikusimama. Liliteleza polepole, likivuka mstari, likageuka ubavu, likagonga mlingoti. Hapakuwa na kishindo kikubwa. Lakini yule mama alikuwa ametanguliza mkono ili ajizuie, na mkono wake ukavunjika.

Kesho yake asubuhi nilikwenda na mzee kwa fundi. Mzee aliuliza kwa uchungu, "Tairi ni jipya. Limenitoa katika theluji nyingi. Kwa nini lisinisimamishe?" Yule fundi hakumcheka. Alimfundisha, nami nikasikiliza.

Alisema kwamba theluji nyingi ni kama tope: meno makubwa huuma na kuvuta. Lakini pale njia panda magari husimama na kuondoka siku nzima, hata theluji hugeuka barafu laini kama kioo. Hapo meno makubwa hayana kitu cha kuuma. Kinachosaidia ni mpira wenyewe, na mikato myembamba iliyochanjwa juu ya meno, yenye kingo nyingi ndogo za kushika. Na mpira wa matairi mengi, joto likishuka chini ya digrii 7 hivi, huanza kuwa mgumu. Katika baridi kali huteleza kama ukwato. Tairi la baridi limetengenezwa kwa mpira unaobaki laini.

Tena alisema kwamba pikapu tupu ni nyepesi nyuma, kwa hiyo magurudumu ya nyuma hayashiki njia vizuri. Watu wengine huweka mifuko ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma na kuifunga imara. Alisema pia kwamba baridi hupunguza upepo wa tairi: kwa kila digrii tano na nusu zinazoshuka, hupungua kama ratili moja. Na gari linalovuta kwa magurudumu yote manne husaidia sana kuondoka, lakini halisaidii kusimama. Kila gari lina breki katika magurudumu manne, na zote hutegemea mpira unaogusa njia.

Mzee akaonyesha ubavu wa tairi. "Lakini hapa pameandikwa M na S, yaani tope na theluji!" Fundi akajibu kwamba herufi hizo huhusu namna meno yalivyochongwa, wala si lazima tairi liwe limejaribiwa katika theluji. Tangu 1999 kumekuwa na alama nyingine, mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, na matairi mengine ya njia zote yanayo. Hayo yamejaribiwa. Lakini hata jaribio hilo huko Marekani hupima jinsi tairi linavyovuta gari kuondoka katika theluji iliyoshindiliwa. Halipimi kusimama katika barafu.

Wapenzi, neno hilo lilinichoma moyo. Kuondoka si kusimama.

Wangapi kati yetu tunajua kuondoka? Twaanza kamati kwa shangwe. Twaanza kusema, na maneno hutoka kwa nguvu. Twaanza kukasirika, na hapo hatuhitaji msaada. Lakini ulimi ukiisha kuondoka, je, unaweza kuusimamisha? Baba, ukiwa na hasira juu ya mtoto, mkono umeinuliwa, je, unaweza kusimama? Kijana, umeanza na chupa moja kwa ajili ya marafiki. Je, wajua mahali pa kusimama? Kipimo cha mtu hakipo pale anapoondoka kwa kelele. Kipo katika njia panda, penye utelezi, taa ikiwa nyekundu.

Tena tusitegemee maandishi ya ubavuni. Nami pia nina yangu: naitwa mchungaji. Wewe waitwa mzee wa kanisa, au mwimbaji, au mama wa chama. Majina hayo ni mazuri, lakini yapo ubavuni, na ubavu haugusi njia. Linalogusa njia ni moyo, na moyo huweza kuwa mgumu kidogo kidogo baridi ikiingia, wala mtu asijue mpaka siku ya kukanyaga breki.

Wahenga walisema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Ni kweli. Lakini siku ile niliona jambo zito zaidi: asiyesikia alikuwa mmoja, na aliyevunjika alikuwa mwingine. Ndivyo ilivyo mara nyingi. Baba hasikii, watoto ndio wanaoumia. Mjane yule hakuchagua matairi. Aliamini tu.

Katika jimbo la Quebec, huko Kanada, ilianzishwa sheria mwaka 2008 ya kuwalazimisha wenye magari kufunga matairi ya baridi, na sasa ni kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi. Minnesota haina sheria ya namna hiyo. Kila mtu ameachiwa dhamiri yake. Na dhamiri, wapenzi, hufanya kazi Oktoba, kabla theluji haijaanguka. Bwana wetu alisimulia habari za wanawali kumi na taa zao. Mafuta hununuliwa mchana, si wakati mlango unapofungwa.

Mzee alinunua matairi mengine. Lakini kwanza alikwenda hospitalini. Alisimama mbele ya yule mama, akavua kofia, akasema, "Mama, niliambiwa, nikakataa. Kosa si la barafu. Ni langu." Mama alimtazama kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, nimekusikia. Jumapili utanipitia, lakini uje na matairi."

Ndugu msikilizaji, kuna neno uliloambiwa mara mbili nawe ukalikataa. Walijua. Lifanye leo, kabla njia haijateleza, kwa ajili ya wale walioketi kando yako.

Na tuombe. Ee Bwana, utulainishe mioyo wakati wa baridi. Utupe nguvu za kuondoka, na neema ya kusimama. Amina.